Nilivuta nikaacha, sasa nimekuta misokoto ya bangi kwenye kopo la kiwi la mwanangu

BARUA

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi, na unisamehe kama itakuwa ndefu maana hata sijui nianzie wapi.

Ni fundi magari, miaka 43, naishi Tabata. Mama watoto yuko Muscat mwaka wa pili sasa anafanya kazi za ndani, mkataba unaisha mwakani. Kwa hiyo nyumbani niko na binti wa miaka 9 na huyu wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Kuna dada anakuja jioni kutupikia afu anarudi kwake.

Mama, huyu mtoto alikuwa hana shida kabisa, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Mpira anacheza, darasani hatoki kumi bora, kanisani anapiga kinanda. Mwaka jana mwishoni ndo nikaanza kuona vitu sivielewi. Kwanza udi. Narudi nyumbani mchana kuchukua spea nakuta chumba cha mtoto wa kiume kinafuka udi saa nane mchana, nikajisemea labda kapata mchumba wa Kitanga kama baba yake, nikacheka nikaondoka zangu. Afu kula. Anakula kama anakimbizwa, ugali wa watu watatu saa tano usiku anamaliza na sufuria anakomba, ila kesho asubuhi chai inakaa mpaka inaota ngozi hajagusa. Macho mekundu, ukimuuliza anasema vumbi la uwanjani. Mtihani wa mwezi wa sita akawa wa 51 kati ya 64 na mwalimu akaniambia anasinzia.

Wiki tatu zilizopita natafuta kiwi nipake viatu niende harusini, nikachukua kopo lake, nikalitikisa naona kuna kitu chepesi kinacheza ndani. Kufungua, misokoto minne imelala humo imenyooka kama sigara za dukani. Mama mi ile harufu naijua, na hapo ndo tatizo langu linapoanza.

Naijua kwa sababu nimevuta. Nikiwa na miaka 20 nilikuwa Nyamongo kwenye machimbo, kule ilikuwa kawaida, usiku ukitoka shimoni watu wanapuliza kidogo wanalala. Nilienda hivyo kama miaka mitatu, nilipokuja Dar nikaacha tu yenyewe, sikuumwa wala nini. Sijawahi kuwaambia watoto.

Sasa siku ile nilipofungua kopo nilimtandika. Sitaki kukudanganya mama, nilimtandika na mpira wa maji mpaka jirani akaja kugonga. Hakulia. Alisimama ananiangalia tu afu akasema "si hata wewe ulikuwa unavuta, ba'mdogo alishatuambia, na mbona uko sawa?" Mkono ukaniishia nguvu. Nikaenda kukaa nje. Baadae akaja mlangoni akaongezea, eti Kanada ni ruhusa, eti ni mmea tu Mungu kaumba sio kama unga. Sikuwa na jibu hata moja. Misokoto yenyewe nimeifungia kwenye tulboksi gereji kama ushahidi, sijui ushahidi wa nini.

Toka siku hiyo hatuongei. Mama yangu mzazi anasema nimlete Tarime akalime na babu yake atanyooka. Mdogo wangu, huyo huyo aliyenichoma, anasema niache ni ujana utapita. Jirani anasema kuna soba hausi anaijua, zile nyumba za kuachisha watu dawa za kulevya, ila hela yake ndefu na watu wanafungiwa miezi sita. Mke wangu sijamwambia, nikimwambia atavunja mkataba arudi na hela ya kiwanja ndo ipo kwenye ule mkataba.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Moja, namwambiaje mtoto aache kitu ambacho mimi nilikifanya na sikudhurika? Mbili, nimpeleke Tarime au soba? Tatu, mama yake nimwambie au nisubiri arudi?

Kingine kidogo tu, sijui kama kinahusiana. Kama mwezi hivi kabandika plasta kwenye kamera ya simu yake, mbele na nyuma. Kitanda kakisogeza katikati ya chumba anasema wale mafundi wanaojenga jirani wanamuongelea ukutani, na kuna konda wa daladala anasema anamfuatilia kwa hiyo anatembea kwa mguu mpaka shule. Usiku namsikia anatembea tembea. Nadhani ni hasira za kile kipigo au anatafuta njia ya kukwepa shule. Nilipokuwa naoa niliambiwa mke wangu ana kaka yake alichanganyikiwa akiwa kijana akapelekwa mpaka Mirembe, ile hospitali ya akili Dodoma, wao wanasema alichezewa, sikufuatilia.

Ni mimi, baba wa Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaanzia chini.

Umenipa udi, ugali, kiwi, kipigo, Nyamongo, vyote kwa kirefu, afu plasta ya kwenye kamera umeiweka mwishoni kama mtu anayekumbuka chenji akiwa ameshashuka kwenye gari. Hilo unaloliita kidogo ndo barua yenyewe. Hayo mengine matatu nitakujibu, hayana haraka ya kukimbizana nayo. Hili lina haraka, na nataka wiki hii isiishe hujampeleka mtoto hospitali.

Mimi nimefanya kazi wodi ya magonjwa ya akili miaka 26 kabla sijastaafu, na siwezi kumpima mtu kwa barua, hakuna anayeweza. Ila nikuambie nilichokuwa nasikia pale dirishani wazazi wakija. Karibu wote walikuwa wanaanza hivi hivi, "nesi nilidhani ni utoto." Mtoto anasikia watu wanamsema, anahisi anafuatwa, anaziba vitobo, anahamisha kitanda, halali, shule inashuka, na mzazi anatafsiri kwamba ni jeuri. Kwa hospitali hiyo hali tunaiita saikosisi, yaani akili inampa mtu taarifa ambazo hazipo na yeye anaziamini kabisa kama wewe unavyoamini uko Tabata. Huyo konda kwake ni wa kweli. Akitembea kwa mguu mpaka shule anaogopa, hapo hamna kukwepa shule, mtu anayekwepa shule angeacha kwenda.

Inaweza ikawa ni bangi imemvuruga na akiacha ikaondoka yenyewe ndani ya siku au wiki. Inaweza ikawa ni mwanzo wa ugonjwa ambao ulikuwa umelala na bangi imeuamsha. Inaweza ikawa ni kukosa usingizi na hofu tu. Kutenganisha hayo matatu ni kazi ya daktari, mi na wewe hatuwezi. Tunachokijua ni kwamba hali hii ikiwahiwa mapema inatibika vizuri kuliko ikiachwa miezi ikijijenga, na hapo sipigi chuku, nimeona wote, waliowahishwa na walioletwa wamefungwa kamba baada ya mwaka mzima wa waganga.

Na mjomba. Baba, ulipoambiwa kuhusu shemeji yako "sikufuatilia", nakuelewa, siku ya kuoa nani anafuatilia. Ila magonjwa haya yana tabia ya kutembea kwenye damu ya ukoo, haimaanishi kila mtoto atapata, wengi hawapati, ila mtoto mwenye ndugu wa karibu aliyeugua yuko kwenye hatari zaidi ya mwenzake, na bangi juu ya hiyo hatari ni petroli. Kuna utafiti wa siku nyingi wa Sweden, waliwafuatilia vijana 45,570 waliokuwa wanaingia jeshini mwaka 1969 na 1970, wakawafuata miaka 15. Waliokuwa wameshavuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia, walipata skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kudumu wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, karibu mara sita ya wale ambao hawajawahi kugusa. Walio wengi katika hao wavutaji hawakuugua, na hiyo ndo inawapa watu kiburi, kila mtu ana rafiki yake aliyevuta miaka 20 na yuko fiti. Wewe mwenyewe ndo rafiki huyo.

Sasa tuje hapo kwenye "mbona uko sawa", maana nimeona ndo palipokuua.

Mwanao kakuuliza swali zuri na ana haki ya kujibiwa. We ni fundi nitakuambia kwa lugha ya gereji. Ukilishika gari ambalo sensa ya oksijeni inatuma taarifa ya uongo, kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, inafanyaje? Inaamini. Inabadilisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kufuata uongo ule, gari linakunywa mafuta, linatoa moshi, linakosa nguvu, na injini yenyewe haina kosa lolote. Ubongo nao una kemikali zake mwenyewe unazozitengeneza, zinazofanana na ile iliyomo kwenye bangi inayolewesha, inaitwa THC. Hizo za kwetu zinatumika kurekebisha mambo madogo madogo, hofu, njaa, usingizi, kumbukumbu. Bangi ikiingia inakaa kwenye viti vyao na kutuma taarifa kubwa kuliko kawaida, ndo maana ugali wa watu watatu unaisha.

Kwa mtu mzima, gari limeshatoka kiwandani, unasumbua sensa, unaacha, mambo yanarudi kwa kiasi kikubwa. Kwa kijana wa miaka 16 gari bado liko kiwandani. Ubongo unamalizika kujengwa kwenye miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele hapa kwenye paji, ya kupanga, kujizuia, kupima kesho, ndo inamaliziwa mwisho kabisa. Na zile kemikali zake mwenyewe ndo zinatumika kuongoza ujenzi, waya upi ubaki, upi ukatwe. Yaani unatuma taarifa za uongo kwa fundi akiwa bado anaunga waya. Wewe ulianza na 20, nawe ulikuwa hujamaliza ila ulikuwa umeenda mbali. Yeye kwa hesabu ya udi wako kaanza na 15, labda kabla.

Kuna watu wa mji wa Dunedin, New Zealand, walizaliwa 1972 na 1973, wako 1,037, wamefuatiliwa toka wadogo. Walioanza kuvuta bangi wakiwa hawajafika miaka 18 na wakaendelea nayo sana mpaka ukubwani, walipopimwa akili wakiwa na miaka 38 walikuwa wameshuka mpaka pointi 8 kulinganisha na walivyokuwa watoto. Walioanza wakiwa watu wazima hawakushuka hivyo. Kuna wataalamu waliupinga baadae, walichukua mapacha, mmoja anavuta mwingine havuti, wakaona tofauti kati yao ni ndogo, wakasema mengine yanatoka kwenye familia na maisha. Nakutajia yote mawili kwa makusudi maana mwanao ana simu na atayatafuta, akikukuta umemficha nusu ya habari hatokuamini tena.

Na mzigo wenyewe sio ule. Bangi yenu ya Nyamongo ilikuwa na mbegu, si unakumbuka zilivyokuwa zinapasuka paa paa mnarukwa na cheche kwenye shati? Sasa hivi mjini kuna skanka, ni mimea ya kike iliyozuiwa isichavushwe, haizai mbegu, nguvu yote inaenda kwenye kile kinacholewesha. Marekani walikuwa wanapima bangi inayokamatwa, mwaka 1995 THC ilikuwa kama asilimia 4, miaka ya karibuni imepita 15. Sijui mwanao kauziwa ipi, na yeye hajui, na aliyemuuzia wala hajali. Na hapa Dar kuna watu wanachanganya na unga, wanaita kokteli, mtoto anadhani anavuta jani.

Kanada. Hapo nilicheka kidogo. Mwambie ni kweli, toka Oktoba 2018 ni ruhusa, kwa mtu mzima. Majimbo mengi ya kule ni miaka 19. Quebec walianza na 18 afu mwaka 2020 wakapandisha mpaka 21, na sababu waliyotoa ni ubongo wa vijana. Kwa hiyo akipanda ndege leo na misokoto yake minne mpaka Montreal, wanamnyang'anya uwanjani, mdogo huyo. Mwambie hivyo hivyo kwa utani.

Hayo ya mapafu na moyo sitakaa sana, moshi ni moshi, kikohozi cha makohozi kinakuja, moyo unakimbia akishavuta, kwa mchezaji mpira ataona pumzi inakata mapema. Kunasa pia. Watu wanasema bangi haina uraibu, si kweli, katika wanaojaribu kama mmoja kati ya 10 ananasa, na wanaoanza wakiwa vijana ni kama mmoja kati ya 6.

Sasa unamwambiaje. Kwanza unaomba msamaha kwa ule mpira wa maji. Najua, najua, sisi hatuombi watoto msamaha, tunanunua soda tunaweka mezani ndo msamaha wenyewe. Safari hii sema kwa mdomo. Usimkalishe sebuleni kama baraza, mchukue mkajaribu gari la mteja barabarani, mkiwa wote mnaangalia mbele maneno yanatoka kirahisi. Mwambie ni kweli nilivuta, nilikuwa na miaka 20, nilikuwa naogopa shimo na bila ile nilikuwa silali. Mwambie na usiyoyapenda, maana nina uhakika yapo, miaka mitatu ya Nyamongo hela ilienda wapi? Afu muulize yeye inamsaidia nini. Usiulize "kwa nini unavuta", hilo ni swali la polisi. Muulize inamsaidia nini afu nyamaza, hata kama mtafika Kimara mmenyamaza. Mi nahisi nalijua jibu ila ngoja nisikuwekee mdomoni, kumbuka tu mama yake kaondoka lini na udi umeanza lini.

Ule mpango wa konda na mafundi wa ukutani usibishane nao. Usimwambie "huyo konda hayupo, acha ujinga", atakuweka na wewe kwenye kundi la maadui. Na usimkubalie pia. Sema naona unaogopa na hulali, twende tukaone daktari wa usingizi. Hujadanganya, kweli halali na kweli atasaidiwa alale. Plasta usibandue.

Hospitali, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ulioko au Muhimbili, ulizia kliniki ya afya ya akili, usizunguke kwenye maduka ya dawa kutafuta vidonge vya usingizi. Ukifika sema kila kitu, bangi, plasta, kukosa usingizi, mjomba, na kile kipigo pia. Daktari haiti polisi kwa sababu mtoto kavuta, anahitaji kujua ili atibu. Ila kama kabla ya siku hiyo akaanza kusema anataka kujiua, au anasikia sauti zinamwamuru afanye kitu, au kakaa siku mbili tatu bila kufumba jicho kabisa, au kashika kisu anajilinda, usisubiri kliniki, ni dharura, unaenda usiku huo huo na mtu mzima mwingine mmoja anayempenda. Binti wa miaka 9 asibaki naye peke yake mpaka daktari amuone, simsemi vibaya, ila mtu anayeogopa sana hajui atafanya nini. Kanisani waombeeni, mi nami ni mtu wa maombi, ila foleni ya hospitali ikae kwanza.

Akiacha, jiandae na wiki mbili ngumu. Siku ya pili ya tatu atakuwa mkali, chakula hataki, usingizi hamna na akipata anaota ndoto za ajabu, jasho. Wiki ya kwanza ndo mbaya. Hapo ndo baba wengi wanasema "ona, jeuri imerudi" na mpira wa maji unatafutwa tena. Ni mwili unazoea, inapita. Na ikipita kuna habari njema, kuna hospitali ya Boston mwaka 2018 walichukua vijana 88 wa miaka 16 mpaka 25, wengine wakaacha kwa mwezi mmoja, kumbukumbu zao zikapanda kuliko walioendelea, na sehemu kubwa ilionekana wiki ya kwanza tu. Huyo wa 51 anaweza akarudi, hata asiporudi kumi bora.

Shuleni ongea na mwalimu wa malezi, usianze na wa nidhamu, unanielewa.

Swali la Tarime. Baba we! Mtoto unamtoa kwenye msokoto unampeleka kwenye shamba lenyewe? Hao watu wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kila mwaka wanafyeka mashamba ya bangi Arumeru na Mara, mkoa wa hiyo hiyo Tarime, bibi anataka mjukuu akanyooke huko huko. Mheshimu mama yako, mwambie atakuja likizo akipona. Soba hausi nazo zimesaidia wengi, ila nyingi zilianzishwa kwa ajili ya watu wa heroini, utamlaza mtoto wa miaka 16 kati ya watu wazima wa unga, atatoka anajua majina ya vitu ambavyo hajawahi kuviona. Na mtu mwenye dalili kama zake anahitaji daktari kabla ya kufungiwa popote. Mtu akikuambia methadoni, hiyo ni dawa ya kuachisha heroini, kwa bangi haihusiki.

Mke wako. Hili nalo nimeona unalikwepa kwa kutumia kiwanja. Mwambie, na mwambie kabla ya hospitali sio baada. Sababu ya kwanza ni mama yake. Sababu ya pili ni kwamba daktari atakuuliza mambo ya mjomba na wewe hujui lolote, alianza na miaka mingapi, alikuwa anavuta au hakuvuta, alipewa dawa gani, ipi ilimsaidia, sasa hivi yukoje. Hayo yako kwa mkeo na kwa wakwe zako Tanga, na yanaweza kumsaidia daktari sana. Mpigie usiku akiwa amemaliza kazi, kwao saa imetangulia moja. Usianze na "mtoto anavuta bangi", anza na "mtoto halali, nampeleka hospitali, nahitaji unisaidie kitu", mengine yafuate. Kama atavunja mkataba au hatavunja mtaamua wawili, usimuamulie peke yako kwa kunyamaza. Na mtoto apate sauti ya mama yake kila siku, hata dakika tano, na asilazimishwe kuwasha kamera.

Kuna namba ya bure ya kuongea mambo ya watoto, 116, mnaweza kupiga hata wewe hata yeye. Hao wa dawa za kulevya ni 119.

Mdogo wako aliyekuchoma, usigombane naye sana. Siku moja utamshukuru, maana bila yeye ungeendelea kujifanya hujui ile harufu.

Na hiyo misokoto kwenye tulboksi, mwanangu, itoe leo. Polisi wakiingia gereji hawatauliza ni ushahidi wa nini wala wa nani, watauliza tulboksi ya nani. Tia chooni, mwaga maji ndoo nzima. Afu siku ya kliniki amkeni saa kumi na moja, foleni inaanza mapema, mnunulie chapati na chai njiani anywe taratibu. Na kama atakataa daladala kwa sababu ya yule konda msilazimishane, chukua gari la mteja mmoja anayekuamini, mwambie unalijaribu.